Kijiji Kisicho na Jabali

Kwanza nikieleze kijiji, maana nakijua kuliko mtaa niliozaliwa, na sijawahi kukikanyaga.

Katikati pana kanisa la mawe, dogo, limekaa kama kuku aliyelalia mayai. Mnara wake si mrefu. Una saa ya duara, na juu kabisa pana jogoo wa chuma. Mbele ya kanisa ni makaburi yaliyobanana, misalaba mingine imeinama. Upande wa kushoto kuna ukuta, na juu ya ukuta amelala paka. Kulia kuna nyumba ya ghorofa moja yenye madirisha manne juu, matatu yamefungwa na moja li wazi. Mwanamke mnene aliyefunga aproni amesimama njiani na kikapu, amekunja uso kwa jua. Nyuma ya hayo yote ni mbingu tupu. Sisi wa Maskati, tuliozungukwa na majabali mpaka unahisi yanakusikiliza ukisema, tulishangaa nchi gani hii isiyo na jabali hata moja.

Hiyo ndiyo Ufaransa yangu. Ni picha ya ukubwa wa kiganja, na ninayo mpaka leo.

Tulifika Maskati mwaka sitini na nne, kwa meli, na mabunda ya nguo na sufuria mbili. Baba alikuwa amezaliwa huku, akaenda Unguja kijana, akarudi mzee anayechekwa Kiarabu chake sokoni. Lakini alikuwa na jamaa kijijini Yiti waliolikumbuka jina la babu yake, wakasema huyu ni wetu, akaruhusiwa kuingia, na sisi tukaingia kwa mgongo wake. Mume wangu hakuwa na wa kumsemea. Jamaa zake wa huku walishasahaulika zamani.

Alikuwa fundi saa. Alikuwa na kiduka upana wa mlango, na ndani saa za watu zimening'inia ukuta mzima. Tulikuwa na miezi minane ya ndoa. Siku tuliyoondoka Unguja, wenzake wote wanakimbia mapinduzi, yeye alibaki kurudisha saa za watu kwa wenyewe.

"Hizi amana," aliniambia bandarini. "Nkishazirudisha nnakuja na meli ya pili."

Nilimkasirikia sana. Niliona bora niolewe na mwizi aliye kando yangu kuliko muaminifu aliye ng'ambo. Meli ya pili ikaja bila yeye, na ya tatu. Kisha ikaja barua yake kutoka Mombasa: amenyimwa ruhusa ya kuingia Maskati, amepata kazi ya kusafisha mitambo kwenye meli ya mizigo, nisali, nisubiri. Baada ya hapo ukawa ukimya wa mwaka na zaidi.

Siku bahasha ilipokuja, aliileta baba mwenyewe kutoka Matrah, kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akitupokelea barua. Ilikuwa na jina la baba kwa herufi za Kizungu, na stempu ambayo yule mfanyabiashara alisema ni ya Ufaransa. Ndani mlikuwa na karatasi mbili zilizoandikwa kwa wino wa buluu, mwandiko mdogo wa kulala, lugha ambayo hapana aliyeijua. Wala haukuwa mwandiko wa mume wangu. Pamoja na karatasi ilikuwa picha ile.

Hapa lazima nimtaje shangazi yangu, dada yake baba. Huko Unguja alikuwa na kazi moja aliyoifanya miaka mingi bila ya kuajiriwa na mtu, nayo ni kupeleka habari za msiba. Kwetu mtu haambiwi kwamba mtu wake amekufa. Anaambiwa ni mgonjwa, halafu mgonjwa sana. Halafu mtu mzima anakuja nyumbani, anakaa, anaomba maji, anayanywa polepole, na kabla kikombe hakijaisha wewe umeshajua. Walio mbali hupelekewa simu kwamba hali si nzuri, njooni, na anayeipokea huanza kutafuta sanda. Shangazi alikuwa bingwa wa hayo. Watu wakimwona anakata kona ya mtaa wao walikuwa wakikimbilia ndani kuhesabu watoto.

Aliishika ile picha kwa ncha za vidole. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Hawa watu wana adabu," alisema. "Hawakutaka kutwambia kwa ulimi. Wametuonesha."

"Wametuonesha nini?" mama aliuliza.

"Mwandiko si wake. Na haya makaburi. Nani atakuletea picha ya makaburi kukuuliza hali?"

  Picha niliitazama pamoja nao, nikayaona makaburi tu. Mke wa fundi saa mzima, sikuitazama saa.

Mama alisema kwa sauti ndogo, "Tungetafuta wa kuisoma hii barua."

Baba alizikunja zile karatasi mbili, akazitia mfukoni.  "Isomwe nini? Limepigwa picha kanisa hapo. Ikisomwa tutajua kafa katika hali gani. Isiposomwa, kafa Muislamu."

Hilo ndilo lililomtisha. Aliogopa kusikia kwamba mkwewe alibatizwa, akazikwa na msalaba, na kwamba mimi binti yake nilikuwa na ndoa na mtu aliyetoka katika dini. Wala hakwenda kwa kadhi kuuliza, maana angeulizwa barua. Aliita watu wachache wa Unguja, ikasomwa khitma. Tukamsomea Qurani mtu aliyekuwa hai, tukala na halua.

Nikakaa eda. Nikawa kizuka, nimefunikwa nguo nyeupe isiyo nakshi, miezi minne na siku kumi, katikati ya kiangazi cha Maskati. Asiyekijua kiangazi hicho asinihurumie, maana hawezi. Watu wote walilala juu ya dari kutafuta upepo. Mimi sikuweza, kwa sababu madari yanaonana na wanaume wa jirani wako kwenye yao. Nililala chini, chumbani, nimejifunika shuka lililochovywa maji, na kabla sijapata usingizi limeshakauka. Mama alikuwa akishuka na kata ya maji kunirushia, anapanda tena analia.

Barua baba aliifungia sandukuni. Picha niliiomba, na kwa kuwa hapana aliyetaka kuigusa, nikapewa. Niliilalia. Mchana niliitoa nikaitazama mpaka nikawajua wote pale. Mwanamke wa kikapu nilimchukia, nilimwona ana roho ya kukaa anapigwa picha mbele ya wafu. Paka nilimpenda. Jogoo alinishughulisha, nilimuuliza mama kama watu hawa wanaabudu jogoo, akasema astaghfirullah, nisimuulize mambo ya makafiri wakati wa magharibi. Nikatafuta kaburi la mume wangu. Nilichagua moja pembeni lisilo na msalaba, udongo wake kama umefukuliwa karibuni, nikawa nalisomea Fatiha kila alfajiri. Nikichoka na makaburi niliyahamishia macho madirisha. Lile lililo wazi lilikuwa na kitambaa kimeanikwa, kama shati. Nilijiuliza nani anakaa mle, na kama alihudhuria mazishi.

Sikuwa na nguvu ya lolote. Nataka liandikwe hivyo hivyo bila ya kupambwa. Siku hizi mabinti hunambia, bibi, mbona hukuichukua ile barua kwa nguvu? Kwa nguvu zipi? Nilikuwa na miaka ishirini, nimefunikwa shuka, katika nchi nisiyojua njia zake, na mlango wa mji ukifungwa kila usiku kwa ufunguo.

Eda ikaisha, nikaogeshwa, nikatolewa. Miezi ikapita. Watu wakaanza kuja kwa baba kunitaja kwa heshima, na baba akaanza kuwasikiliza.

Siku moja ya baridi, mimi na mama tulikwenda hospitali Matrah kwa ajili ya macho yake. Kwenye foleni ya wanawake alikuwapo mmoja, mke wa mshoni, ana kopo la maziwa ya mtoto mkononi, anayasoma kwa sauti maandishi yake anamfundisha mwenziwe namna ya kuyachanganya. Lugha ile ilinigusa sikio, sijui kwa nini.

"Dada, unasoma nini?" nilimuuliza.

"Kifaransa hichi. Mimi Mngazija. Nimesomeshwa kwetu kabla sijaolewa Unguja."

Mama aliniangalia. Mimi nikamuangalia mama. Macho yake yalikuwa na ugonjwa lakini aliona yaliyo moyoni mwangu vizuri sana.

Mama yangu hajawahi kumuasi baba hata kwa chumvi. Lakini wiki ile baba alipokwenda Yiti kwa jamaa zake kuleta papa mkavu, mama alilifungua sanduku kwa ufunguo aliokuwa ameuficha miaka yote bila ya kuutumia, akatoa zile karatasi, akazishonea ndani ya kanga. Tukarudi Matrah kwa yule Mngazija.

Alitukaribisha mkekani, akamtoa mtoto titi, akasoma kwanza kimya. Akatabasamu. Nilitaka kumpiga.

"Huyu ni padri wa kijiji," alisema. "Anakusalimuni nyote. Anasema mumeo yuko kwao, hajambo ila mkono."

Sikumbuki nilifanya nini. Mama alinambia baadaye kwamba nilishika mwimo wa mlango.

Akaendelea kusoma, anasimama kila mstari anautafutia Kiswahili chake. Mume wangu alishuka kwenye meli Ufaransa akiwa mgonjwa wa kifua, akapelekwa ndani ya nchi, mbali na pwani, kufanya kazi za mashamba. Padri akagundua kwamba ni fundi saa. Saa ya mnara wao ilikuwa imesimama tangu vita vya Wazungu, na hapana fundi aliyekubali kuja kijiji kidogo kama kile. Mume wangu alipanda mnara mwezi mzima, akaifanya ikaenda. Siku ya mwisho gurudumu lilimnasa mkono wa kulia. Vidole vitatu havikunjiki tena.

"'Ndiyo maana naandika mimi,'" alisoma Mngazija. "'Picha hii ilipigwa siku saa ilipolia. Nimemwambia akupelekee uone kazi yake. Kanisa letu si kubwa lakini sote tumebatizwa humo na sote tutalala mbele yake, na mgeni akija humwonesha hilo kwanza. Dirisha lililo wazi ni chumba chake. Hali nguruwe, hanywi mvinyo, kijiji kizima kimechoka kumbembeleza. Aliniuliza jua linachomoza wapi, akaweka kitanda chake upande wa pili ili apate nafasi ya kusali.'"

Mama aliangua kilio hapo, akawa anasema, "Muislamu, Muislamu, mtoto wa watu." Mimi nilikuwa nimekwama kwenye dirisha. Miezi minne na siku kumi nililisomea Fatiha kaburi la Mfaransa, na shati la mume wangu limeanikwa mbele ya macho yangu.

"Kuna na maneno yake mwenyewe," alisema Mngazija, na sasa hakuwa anatabasamu. "Anasema padri ayaandike kama alivyoyatamka. 'Mimi siwezi kuingia Maskati, na wewe huwezi kutoka. Sasa nina mkono mmoja. Ukitaka kuningoja, niletee neno, hata moja. Yakipita mavuno ya zabibu sijapata neno, ntajua baba yako kakupa mume mwengine, au unataka kupewa. Siwezi kumfunga mtu nisiyemlisha. Ntakuacha kwa wema.'"

"Zabibu zinavunwa lini?" niliuliza.

Hakujua. Kwao Ngazija hakuna zabibu. Tukakaa wanawake watatu, tunatazamana, hapana hata mmoja aliyewahi kuona mzabibu. Mwisho mama akakumbuka kwamba zabibu za mlima wa Jabal Akhdar hushuka sokoni wakati wa joto. Joto lilikuwa limekwisha. Barua ile ilikuwa imelala sandukuni zaidi ya nusu mwaka.

"Labda kwao huchelewa," alisema Mngazija. "Kwao baridi."

Nikaing'ang'ania hiyo labda. Aliniandikia barua ya Kifaransa hapo hapo, kueleza yote. Chini yake nikaandika mimi kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wangu anaoujua: Nangoja. Mumewe mshoni akaipeleka posta.

Nilimwambia baba mwenyewe aliporudi. Nilisimama mbele yake na papa wake mkavu ananuka katikati yetu, nikamwambia yuko hai, na ni Muislamu, na habari zake wewe ulizifungia sandukuni. Sikujua kama nilikuwa na ulimi wa namna ile.  Baba alikaa juu ya lile sanduku, akaomba msamaha kwa Mungu mara nyingi, na kwangu mara moja. Waliokuwa wakinitaja akawaambia mwanangu ana mume.

Hiyo miezi ya kungoja majibu sina malalamiko nayo. Nilikuwa mke. Nilipanda darini na wenzangu, nilicheka, nilitiwa hina kwenye harusi kijijini Bustan, nilijifunza kushona kwa yule Mngazija. Picha niliitoa chini ya mto wa kulalia nikaiegemeza kwenye kioo. Nilimsamehe mwanamke wa kikapu. Hata shangazi nilikuwa nikimtania, namwambia wewe umeua mtu kwa macho, na yeye anacheka huku anajifuta machozi.

Jibu likaja. Mwandiko ule ule wa kulala, na safari hii hapana picha. Mngazija alisoma kimya tena, na nikaona anasoma mara mbili.

"Sema," nilimwambia.

Padri aliandika kwamba mume wangu alingoja mpaka zabibu zikaisha, akaongeza na mwezi mwingine kwa sababu padri alimuomba, posta za mbali huchelewa. Kisha akaja kwa padri pamoja na muoka mikate, akasema wamshuhudie. Alitamka kwa lugha yake, halafu kwa Kifaransa ili wamuelewe, kwamba ananiacha talaka moja, bila ya hasira. Padri alimwambia katika dini yao kilichofungwa hakifunguliwi. Akamjibu kwamba katika yake, asiyeweza kulisha asifunge. Baada ya siku chache alikwenda kaskazini kutafuta kazi. Hakuacha anuani. Barua yangu ilifika akiwa ameshaondoka, padri akatuma mtu kumtafuta kwenye stesheni mbili, hakupatikana.

"Anasema saa inakwenda vizuri," alimalizia Mngazija. Hakuniangalia.

Baba ndiye aliyenipeleka kwa sheikh, safari hii bila ya kuficha kitu. Sheikh alikuwa mtu mpole. Alisikiliza yote kutoka nyuma ya pazia.

"Nani alikwambieni akae eda ile ya mwanzo?" aliuliza.

"Sisi wenyewe," alijibu baba.

 Sheikh akaniuliza hesabu zangu za mwezi kwa mwezi tangu siku iliyoandikwa na padri, mama akajibu kwa niaba yangu, na yeye akahesabu.

"Nianze eda lini?" niliuliza.

"Huanzi, mwanangu. Eda ya talaka inaanza siku ilipotamkwa, ujue usijue. Tohara tatu za baada ya hedhi zimepita. Umeshatoka."

"Na yeye?"

"Ndani ya eda angeweza kukurejea kwa neno moja tu. Sasa hana haki hiyo, mpaka akuoe upya."

"Kwa hivyo nifanye nini?"

"Hakuna la kufanya," alisema, na nilijua ananihurumia, na huruma yake haikunisaidia.

Tukarudi nyumbani. Nilihesabu njiani. Eda yangu ya kweli ilianza kabla sijakutana na kopo la maziwa, na wiki zake za mwisho mimi niko darini nacheka, au Bustan nanyoosha mikono nitiwe hina. Ile niliyoikaa haikuwa yangu. Iliyokuwa yangu nimeipitia kama mtu anayepita mlango wa msiba anaimba.

Nilifungua sanduku langu, nikaitoa ile nguo nyeupe, nikajifunika, nikakaa kwenye pembe ile ile ya chumba. Mama alikuja akaniona, akarudi nyuma. Baba alisimama mlangoni, akaondoka. Watu hawajui la kumwambia mwanamke anayekaa eda iliyokwisha.

Mwisho akaja shangazi. Nilimsikia anavua makubadhi, nikamjua kwa mwendo wake. Akakaa mbele yangu mkekani, mwanamke aliyewapa habari mbaya nusu ya watu wa Unguja.

"Nipe maji, mwanangu," alisema.

Niliinuka na nguo yangu nyeupe, nikamtilia kikombe. Akayanywa polepole mpaka yakaisha, na hakuwa na habari yoyote ya kunipa.